Kopo Haliponyi Injini

Mtoto wa ndugu yangu alirudi kutoka Salalah mwishoni mwa msimu wa mvua za kharifu, na kabla hata hajanawa kwa chakula alinishika mkono akanipeleka uwani, akafungua boneti. Gari yake ni Prado ya lita 4. Ubavuni mwa betri amefunga kopo la aluminiamu la rangi ya buluu, mipira miwili imeingia juu yake, na chini lina koki ndogo. Akalikinga finjani ya kahawa, akafungua koki. Kilichotoka ni maji ya kahawia, mepesi kuliko oili, yananuka petroli. Finjani haikufika nusu. Akaniinulia mpaka usoni: "Umeona, ami? Haya yote yangeingia kwenye injini yangu."

Kopo alilinunua riyali 38, na kulifunga alitozwa riyali 10 nyingine.

Mimi ni fundi wa magari kwa miaka 33, minane ya mwanzo Dar es Salaam na iliyobaki hapa Maskati. Siku ile sikumjibu, kwa sababu mama yake alikuwa anatuita tule na chakula kilikuwa kinapoa. Namjibu hapa, yeye na wenziwe, maana rai aliyoibeba ameiokota sanaiya, kwenye mitaa ya magereji. Pita Wadi Kabir, pita Ghala, nenda mpaka Maabela, utaambiwa hivyo hivyo: gari bila kopo la kunasa oili ni gari inayojiua polepole. Nimechoka kuisikia, na zaidi ya kuchoka, nimeanza kupokea gereji magari yaliyoharibiwa nayo.

Rai yenyewe inastahili kuelezwa sawasawa kabla haijapingwa. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya moshi na mvuke hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini, pale shafti inapozungukia juu ya oili. Ndiyo maana mafundi wa kwetu husema injini inapumua. Pumzi hiyo isipopewa njia itasukuma sili na gasketi mpaka oili ivuje. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya gari, ikatupwa hewani. Kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California, kwa sababu ya ukungu wa moshi uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles, ilianza kurudishwa kwenye njia ya hewa ikaungue pamoja na petroli. Valvu inayosimamia kazi hiyo ndiyo inayoitwa PCV. Sasa, pumzi ya injini hubeba vitone vya oili. Vitone hupaka njia ya hewa na migongo ya valvu, huiva kwa joto, huwa masizi magumu, na hewa hupita kwa shida. Kopo hufungwa katikati ya njia hiyo: pumzi inaingia, vitone vinagonga wavu vinabaki, hewa inaendelea. Basi, wanasema, kila gari ifungwe kopo, na gari ya Oman ndiyo ya kwanza, kwa joto letu na vumbi letu.

Yote hayo ni kweli mpaka ufike kwenye hilo "basi". Hapo ndipo nina ugomvi.

Kwanza: finjani si ushahidi

Kopo linakuonyesha lilichonasa. Kama kilichonaswa kingeleta madhara, na madhara kiasi gani, hilo kopo halijui. Tandika shuka nyeupe juu ya paa la nyumba yako Al Khuwair, kesho asubuhi utakuta vumbi juu yake. Hujapata bado sababu ya kusema kwamba nyumba ilikuwa inaangamia.

Halafu tuangalie kilichomo. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita 1, katika hali ya mvuke. Mengi yanatoka na ekzosi, lakini sehemu hupenya na pumzi, pamoja na petroli ambayo haikuwahi kuungua. Nilimwambia yule kijana asimwage, aiache finjani juu ya ukuta, juani. Siku ya tatu tukaiendea pamoja. Harufu ya petroli imekwisha, maji yamekwisha, chini umebaki utando mweusi unaoteleza. Niliukwangua kwa kijiko cha chai, na kijiko hakikujaa. Hiyo ndiyo oili yote iliyonaswa kwenda na kurudi Salalah, safari ya kilomita zinazokaribia 2,000.

Linganisha na kitabu cha gari yenyewe. Vitabu vya Toyota huandika kwamba injini inaweza kutumia oili hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, na hicho ndicho kikomo chao. Sisemi kikomo hicho kinanifurahisha. Gari ikila nusu ya hapo mimi naanza kutafuta sababu. Nasema hivi: oili inayoungua katika injini nzima ina njia nyingi. Inapanda kando ya ringi. Inateremka kupitia vijisili vya valvu, moja kwa moja kwenye mgongo wa ile valvu tunayoihofia. Moshi wa ndani ya silinda nao hurudi nyuma kidogo kila valvu inapofunguka, na kuacha masizi yake. Kopo haliko katika njia hata moja kati ya hizo. Limekaa kwenye mpira mmoja, na kwa mpira huo mmoja watu wanaapa kwamba injini imelindwa.

Pili: ni injini gani tunayoizungumzia?

Hapa ndipo pana uzito, na hapa ndipo wauzaji wa makopo hupita mbio.

Masizi ya migongo ya valvu yana historia, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuliijua kabla ya vijana wa Maskati. Muulize fundi yeyote wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa kuhusu D4. Toyota Noah na Premio za injini ya 1AZ-FSE zilipoanza kuingia kutoka Japani, wateja walikuja na gari inayotetemeka ikiwa imesimama, inakula petroli, haina nguvu mlimani. Ukifungua menifodi unakuta njia ya hewa imeziba kwa masizi yaliyonona kama lami. Watu wakaogopa, na mpaka leo mnunuzi mwenye hadhari kule kwetu huuliza kwanza: hii si D4?

Sababu ilikuwa nyepesi kuieleza. Katika injini ya kawaida, nozeli hunyunyiza petroli nyuma ya valvu, kabla haijaingia silinda. Petroli ni dawa ya kusafishia. Kila mzunguko unaosha mgongo wa valvu. Katika injini ya D4 nozeli imehamishiwa ndani ya silinda. Valvu hainyunyiziwi tena, oili inayoigusa hukaa na kuiva.

Toyota wenyewe walitupa jaribio safi kuliko lolote ambalo fundi angeweza kubuni. Katika gari moja, Lexus IS ya kizazi kilichoanza 2005, waliweka injini mbili za ukoo mmoja. IS350 ilipewa 2GR-FSE, yenye nozeli za aina mbili, za ndani na za nyuma ya valvu. IS250 ilipewa 4GR-FSE, yenye nozeli za ndani peke yake. Ndiyo ile ile iliyo kwenye Mark X na Crown nyingi zinazotembea Dar es Salaam leo. IS250 ndiyo iliyolalamikiwa kwa masizi mpaka Marekani wateja wakaenda mahakamani. Na kiwanda kilipoamua kuirekebisha, marekebisho yalikuwa pistoni na ringi mpya. Kopo halikutajwa.

Kaa hapo kidogo, maana jibu la suala zima limo humo. Ugonjwa ulitoka kwenye ringi zinazopitisha na nozeli zisizoosha. Dawa ikapelekwa kwenye ringi, na katika injini zilizofuata ikapelekwa kwenye nozeli.

Sasa tembea katika maegesho ya Maskati uone magari yaliyofungwa makopo. Prado ya lita 4, injini ya 1GR-FE: nozeli ziko nyuma ya valvu. Hilux ya petroli ya lita 2.7: vivyo hivyo. Land Cruiser ya mfululizo wa 200: vivyo hivyo. Hizi zinaosha valvu zao kila siku. Land Cruiser 300, iliyotoka 2021 na injini ya V6 yenye turbo mbili, ina nozeli za aina mbili kwa sababu Toyota walishajifunza. Kufunga kopo katika gari hizi ni kutibu ugonjwa ambao gari haina.

Nissan Patrol V8 ya lita 5.6 ni kesi nyingine. Nozeli zake ziko ndani ya silinda peke yake, na wenyewe wanaiendesha kwa nguvu. Vivyo hivyo magari mengi ya Kijerumani yenye turbo, na dizeli zinazorudisha moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa, ambapo masizi na oili hukutana na kufanya lami. Mwenye gari hizo akiniuliza kuhusu kopo, namkalisha tuzungumze. Lakini hata yeye nitamuuliza maswali matatu kwanza: oili gani unaweka, valvu ya PCV umebadili lini, na kopo utalimwaga kila baada ya muda gani. Sijapata bado aliyejibu yote matatu.

Tatu: kiwanda si adui yako katika hili

Vijana huniambia kiwanda kimeliacha kopo makusudi ili injini ife mapema tununue nyingine. Viwanda vinabana fedha, sikatai; mimi nimeshika vipuri vya plastiki ambavyo vilipaswa kuwa chuma. Lakini fungua kifuniko cha valvu cha gari yoyote ya leo, kigeuze. Utakuta ndani kuna vyumba na kuta, pumzi inapita kwa kupinda kulia na kushoto, vitone vinagonga kuta na kudondoka kurudi kwenye oili. Baadhi ya magari ya Ulaya yana chombo kizima kinachoizungusha pumzi kama kimbunga ili oili irushwe pembeni. Chombo cha kutenga oili kimo tayari katika gari. Tofauti yake na kopo la sanaiya ni kwamba hiki cha kiwandani kinairudisha oili mahali pake, nacho hakimtaki mwenye gari akumbuke chochote.

Wengine wanatoa mfano wa magari ya mashindano. Hapa Oman mfano huo una nguvu, kwa sababu tunaye dereva Ahmad Al Harthy, aliyeshindana Le Mans 2024 katika BMW pamoja na Valentino Rossi, na kila kijana anataka gari yake ifanane na ya mashindano. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ni kweli zinataka gari ya mashindano ambayo injini yake inapumulia nje iwe na chombo cha kukinga oili, angalau lita 2 kwa injini isiyozidi lita 2, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Kwa nini? Ili oili isimwagike njiani, gari ya nyuma isiteleze dereva akafa. Chombo kile kinamlinda anayekuja nyuma. Hakikuwekwa kwa ajili ya valvu, na injini ile hushushwa ikafunguliwa na mafundi mara nyingi kuliko yako. Wewe unakwenda supamaketi ya Lulu kununua samaki.

Nne: joto na vumbi

Hoja hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu inaonekana inatuhusu sisi hasa. Oman kuna joto, Oman kuna vumbi, kwa hiyo kopo ni la lazima zaidi Oman. Mimi naona kinyume chake, na nitaeleza taratibu.

Tuanze na joto. Kopo linanasa kwa njia mbili: pumzi inagonga wavu, na pumzi inapoa. Kupoa ndiko kunakougeuza mvuke kuwa tone. Glasi ya maji ya barafu mezani inatoka jasho. Kikombe cha chai hakitoki. Vijana wameona makopo ya Kanada yaliyojaa kitu cheupe kama mtindi, wakadhani ni uchafu wa injini. Ni maji ya baridi yao yaliyochanganyika na oili. Hapa kopo linakaa ndani ya boneti, karibu na ekzosi, katika mji ambao Agosti usiku unafungua bomba la maji baridi yanatoka ya moto. Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, ndani ya mkoa huu huu wa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 saa 24 nzima, usiku na mchana. Chini ya boneti ni zaidi ya maradufu ya hapo. Kopo likiwa na joto hilo, sehemu kubwa ya mvuke inapita kama ilivyokuja. Nchi ambayo tunaambiwa inalihitaji zaidi ndimo kopo linamofanya kazi hafifu zaidi.

Sasa vumbi. Vumbi la jangwa letu ni jiwe lililosagwa. Likiingia silinda linasugua ringi kama msasa, ringi zikilika pumzi inaongezeka, pumzi ikiongezeka oili inapanda. Kwa hiyo adui wa kweli wa injini ya Oman ni vumbi linalopita baada ya chujio la hewa. Kila kiungo kati ya chujio na silinda ni mlango. Kiwanda kimeifunga milango hiyo kwa mipira iliyopikwa kwa umbo lake, inayobana yenyewe. Anayefunga kopo anaikata, anaingiza mipira ya mita, vipande vya plastiki na klipu nne au sita. Ameongeza milango pale pale ambapo hatukutaka hata mmoja.

Kuna Patrol iliyoletwa kwangu majira ya baridi yaliyopita. Mwenyewe ni kijana wa watu, mpenzi wa vilima vya mchanga vya Bausher, na likizo hupeleka wenziwe jangwa la Wahiba. Malalamiko yake: taa ya injini inawaka, na tangu miezi miwili gari inakula oili. Nikafungua boneti. Kopo zuri, jeusi, la aina ya wazi, lenye kijichujio cha kitambaa juu yake ili pumzi itokee hapo. Ile njia ya zamani, iliyokuwa inavuta pumzi kuingiza kwenye menifodi, fundi aliyemfungia aliiziba kwa kofia ya mpira na kamba ya plastiki. Nikaigusa ile kofia. Ilikuwa imekauka kama ngozi ya mtende, imepasuka upande wa chini ambako macho hayafiki. Nikawasha gari, nikasogeza sikio: inafyonza, inapiga mluzi mwembamba.

Nikazima, nikatoa mpira mkubwa wa hewa. Chujio lake lilikuwa jipya, safi, anabadili kila mwezi. Kijana huyu anaipenda gari yake. Nikaingiza kidole ndani ya menifodi, karibu na lile tundu, nikakitoa. Nilisugua kidole na gumba. Ulikuwa mchanga, laini kuliko chumvi, umelowa oili kidogo. Nikamwambia naye aguse. Aligusa, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama injini itapona.

Tulipima mgandamizo. Kati ya silinda 8, mbili zilikuwa zimeshuka. Alifunga kopo ili masizi yasiguse valvu, na kwa miezi kadhaa injini yake ilikuwa inavuta mchanga wa Bausher kwa tundu la kalamu. Kinachoniuma ni kwamba hakufanya uzembe wowote. Alitumia fedha, alisikiliza, alifanya alichoambiwa ndicho afanyacho mwenye kuijali gari yake.

Mtetezi wa kopo atanijibu: hilo ni kosa la ufungaji, si la kopo. Nakubali lilikuwa kosa la ufungaji. Lakini kopo haliji likiwa limejifunga. Linafungwa na binadamu, kwa mipira inayouzwa kwa mita, chini ya boneti yenye joto la kupika mkate, halafu linapelekwa mchangani. Asiyetaka kuhesabu hatari hiyo asinihesabie faida peke yake.

Tano: mambo ambayo hayaandikwi kwenye risiti

Kopo linataka kumwagwa. Likijaa, oili iliyokusanyika inaweza kufyonzwa kwa mkupuo, na injini iliyokuwa ikimeza vitone sasa inamezeshwa kijiko. Wavu wake ukiziba, pumzi inakosa njia, presha inapanda tumboni, na sili ya nyuma ya shafti inaanza kutoa. Kuibadili sili hiyo ni kushusha giaboksi. Nimeshafanya kazi hiyo kwenye gari yenye kopo ambalo mwenyewe alikiri hajalifungua tangu alipolinunua.

Kopo la aina ya wazi linapumulia ndani ya boneti. Hewa ya kiyoyozi inaingilia mbele ya kioo, hatua moja kutoka hapo. Mke wa mtu anapata kichefuchefu kila wakisimama kwenye taa, mume anasafisha kiyoyozi mara mbili, kumbe watoto nyuma wanavuta mvuke wa petroli.

Na yale maji ya kahawia yanamwagwa wapi? Nimeuliza. Pembeni mwa wadi, mchangani, uani chini ya mwarobaini. Miaka 60 na zaidi iliyopita dunia ilianza kuizuia pumzi hii isitupwe nje. Sasa tunainasa kwa riyali 48 ili tukaitupe kwa mkono.

Lakini gharama inayonisumbua zaidi haina bei. Injini inayoanza kuchoka hutoa habari. Moshi wa buluu asubuhi, oili kwenye mpira wa hewa, plagi iliyolowa: hizo ni barua inazotuandikia. Kopo linazipokea njiani. Mwenye gari anaona kopo linajaa haraka kuliko zamani, na badala ya kuuliza ringi zina nini, anafurahi kwamba kopo linafanya kazi. Nimemsikia mtu akijisifu kwamba lake hujaa kila wiki mbili. Alikuwa ananisimulia injini inayokufa, na uso wake unacheka.

Riyali 48

Kwa fedha hizo hizo, mwenye gari ya kawaida Maskati anaweza kuifanyia injini mambo yanayofika kwenye chanzo. Valvu ya PCV ni kitu kidogo cha riyali chache; ikikwama wazi inavuta oili, ikikwama imefungwa inapandisha presha, na magari mengi yanayoletwa kwangu yakisemwa yanahitaji kopo yanahitaji valvu hiyo tu. Oili nazo hazilingani kwa kuvukiza. Kuna kipimo kiitwacho Noack: oili inapashwa nyuzi 250 kwa saa moja, kisha inapimwa imepungua kiasi gani. Kiwango cha ILSAC GF-6 kinaruhusu ipungue hadi asilimia 15. Kile cha Ulaya cha ACEA A3/B4 kinaishia 13. Na ziko oili nzuri zinazopungua chini ya 10. Oili isiyovukiza haihitaji kunaswa. Badilisha kwa wakati, na anayecheza mchangani asingoje kilomita 10,000. Kagua chujio la hewa, na zaidi ya chujio, kagua ukingo wake: pitisha kidole upande wa ndani wa boksi, ukikuta vumbi, pana mlango. Na kama gari yako ni ya nozeli za ndani na masizi yamekaa kweli, valvu husafishwa kwa kupulizwa maganda ya jozi yaliyosagwa. Ni kazi ya siku moja, na baada yake valvu ni safi kwa hakika, si kwa matumaini.

Mtoto wa ndugu yangu alilitoa kopo wiki ile ile. Tulirudisha mpira wake wa kiwandani, ambao kwa bahati hakuutupa, na valvu ya PCV tukaweka mpya.

Wewe unayefikiria kulinunua, fanya hivi kesho kabla hujakwenda sanaiya. Washa injini ipate moto, fungua kifuniko cha kutilia oili, kigeuze juu chini ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitulia, kifunge uende zako kazini. Kikirukaruka na kutoa moshi, injini yako inapumua kupita kiasi: ipeleke kwa fundi apime mgandamizo, na hizo riyali 48 ziweke, utazihitaji kwa ringi.